Nimepunguzwa kazini Dallas na meneja anasema atanirudisha Mei: je, H-1B yangu bado iko hai?

SWALI: Mimi ni Mkenya, mchambuzi wa data hapa Dallas, na nimekuwa kwenye H-1B, hadhi ya wafanyakazi wa kigeni wenye utaalamu wanaoombewa na mwajiri, tangu Oktoba 2021. Tarehe 6 Februari 2026 kampuni ilitupunguza wafanyakazi kadhaa. Nimelipwa mshahara wa wiki nane kama malipo ya kuachishwa kazi. Meneja wangu amenipigia simu akaniambia kwamba bajeti ikifunguka mwanzoni mwa Mei atanirudisha kwenye nafasi yangu ileile. I-94 yangu, kumbukumbu ya muda wa kukaa, inasoma 30 Septemba 2027, na I-140, ombi la kunipatia grini kadi kupitia kazi, ambayo kampuni iliniombea ilikubaliwa Machi 2025. Mume wangu ana H-4, hadhi ya familia ya mwenye H-1B, na anafanya kazi, mtoto wetu yuko darasa la pili. Kwa kuwa kibali hakijaisha, je, nisubiri tu hadi Mei? Au niende Kisumu nikakae na mama, nirudi kazi ikifunguka?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kazi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mipango yako yote miwili, wa kusubiri Dallas na wa kwenda Kisumu, inaweza kukugharimu kila ulichojenga tangu 2021. Siku ya kuitazama kwenye kalenda si 30 Septemba 2027. Ni Jumanne tarehe 7 Aprili 2026. Na kitakachokuokoa si ahadi ya meneja wala barua ya kuajiriwa upya. Ni ombi jipya la mwajiri lililopokelewa na idara ya uhamiaji, USCIS, kabla siku hiyo haijapita, wewe ukiwa bado ndani ya Marekani.

Una karatasi tatu mkononi, na kila moja ina kazi yake. Stika ya viza iliyo kwenye pasipoti ni ya kukupitisha mpakani tu. Ukishaingia, haisemi lolote kuhusu ukaaji wako. I-94 ndiyo kumbukumbu ya muda ambao uliruhusiwa kukaa. I-797 ni barua ya kukubaliwa kwa ombi ambalo kampuni yako ilipeleka kwa fomu I-129. Hiyo ya tatu ndiyo inayobeba nyingine, na ina jina la mwajiri mmoja, kazi moja, eneo moja na mshahara usiopungua kiwango kilichoidhinishwa na Wizara ya Kazi. Ni kama leseni ya matatu iliyoandikiwa njia moja: tarehe ya kuisha inaweza kuwa mbali kabisa, lakini njia ikifungwa, tarehe hiyo haikupi ruhusa ya kubeba abiria kwingine.

Kwa hiyo tarehe 6 Februari I-94 yako haikufutika, na ombi la kampuni halikufa lenyewe saa ileile. Kilichokatika ni hadhi yako, maana hadhi ya H-1B inashikiliwa na kazi yenyewe. Kabla ya 2017 hali ilikuwa ngumu zaidi: ukiachishwa kazi leo, kesho yake hukuwa na hadhi. Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 ndiyo iliyoleta kipindi cha neema cha hadi siku 60, ambapo mfanyakazi aliyepoteza kazi na familia yake huhesabiwa kuwa bado wana hadhi, ingawa yeye mwenyewe haruhusiwi kufanya kazi.

Soma masharti ya hizo siku kwa makini. Zinahesabiwa mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama I-94 inaisha kabla ya siku ya 60, neema inaishia hapo. Wewe uko salama kwa hilo, lakini aliyepewa I-94 fupi kwa sababu pasipoti yake ilikuwa inakaribia kuisha anaweza kujikuta na wiki mbili tu. Neema hutolewa mara moja tu katika kila kipindi cha kibali kilichoidhinishwa. Na sheria imewaachia maafisa wa uhamiaji uwezo wa kuifupisha au kuikataa. Ndiyo maana mimi huwaambia watu wasipange kufikisha ombi siku ya 59.

Sasa hizo wiki nane za malipo. Hapa ndipo watu wengi wanapoponzeka, na nadhani nawe umeanza kuhesabu vibaya. Siku 60 huanza siku inayofuata ile ajira ilipokoma, na kwa kawaida USCIS hutazama siku ya mwisho ambayo ulilipwa mshahara kwa ajili yake. Malipo ya kuachishwa kazi, hata yakigawanywa yakaingia benki kila wiki mbili kama mshahara, hayairefushi ajira. Kwa hiyo 7 Februari ni siku ya kwanza. Februari inakupa siku 22, Machi inafikisha 53, na ya 60 ni tarehe 7 Aprili.

Kuna hali moja inayoweza kubadilisha hesabu hiyo. Chukua barua yako ya kuachishwa uisome neno kwa neno. Baadhi ya kampuni, hasa kubwa zinazobanwa na sheria ya shirikisho ya kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu wengi, humwambia mfanyakazi asije ofisini lakini humweka kwenye orodha ya mishahara, akiwa bado mwajiriwa, hadi tarehe fulani ya mbele. Kama barua yako inasema ajira inakoma 6 Februari, basi ni 6 Februari. Kama inasema unabaki mwajiriwa hadi tarehe nyingine, mpelekee wakili barua hiyo pamoja na hati zako za mshahara kabla hujajipangia lolote. Kwa maelezo uliyonipa, mimi nashika 7 Aprili.

Tuje kwa meneja wako. Sina shaka ana nia njema. Lakini meneja hushika bajeti, na uhamiaji unashikwa na ofisi nyingine ndani ya kampuni hiyohiyo. Sheria inamtaka mwajiri aijulishe USCIS mara moja anapomwachisha kazi mfanyakazi wa H-1B, na kampuni nyingi hutuma barua ya kuliondoa ombi ndani ya siku chache. Barua hiyo ikishapokelewa, ombi hubatilika lenyewe. Swali la kwanza la kuiuliza idara ya rasilimali watu, kwa barua pepe ili ubaki na maandishi, ni hili: je, mmeshaiandikia USCIS kuliondoa ombi langu, na tarehe gani?

Jibu likiwa ndiyo, hakuna cha kurudia. Kampuni italazimika kuanza upya: kibali cha mshahara kutoka Wizara ya Kazi, fomu I-129, ada, kila kitu. Wakikurudisha kazini kwa barua tu, utakuwa unafanya kazi bila ruhusa, na kosa hilo litaandikwa kwenye faili lako, ingawa kampuni nayo itakuwa na lake.

Jibu likiwa bado, na ukarudishwa ndani ya siku 60 kwenye kazi ileile, eneo lilelile na mshahara usiopungua, wapo mawakili wanaokubali mfanyakazi arudi kwa ombi lile la zamani ambalo halijabatilishwa. Njia hiyo inawezekana. Mimi siipendi kwako, na sababu yangu ni ile ya neema kutolewa mara moja katika kila kipindi cha kibali. Kipindi chako cha sasa kinakwenda hadi Septemba 2027. Ukirudi kwa ombi la zamani, kisha kampuni hii iliyokupunguza Februari ikapunguza tena Novemba, hutakuwa na siku hata moja ya kutegemea. Utaamka asubuhi ya pili ukiwa huna hadhi, na mtoto yuko shuleni. Ombi jipya likikubaliwa huanzisha kipindi kipya, na kipindi kipya huja na neema yake. Kampuni ikikuambia ombi jipya ni gharama isiyo ya lazima, jibu lako ni hilo.

Usimwombe mtu yeyote achelewe kwa makusudi kuijulisha USCIS. Huo ni wajibu wa kisheria wa kampuni, na hutaki jina lako lionekane kwenye barua pepe ya kuombana kuuvunja. Omba kilicho halali: kwamba wakuajiri mapema zaidi ya Mei.

Inawezekana, tena kwa njia ambayo mameneja wengi hawaijui. H-1B si lazima iwe kazi ya saa zote. Mwajiri anaweza kuomba kazi ya nusu muda, tuseme saa 20 kwa wiki, mradi saa na kiwango cha malipo viandikwe ukweli kwenye ombi. Bajeti ya Mei ikifunguka, wanapeleka ombi la kurekebisha ili urudi saa zote. Mwambie meneja wako hivi: kama kweli unanitaka Mei, nichukue saa 20 kuanzia Aprili. Kwa kampuni ni pesa kidogo kulinganisha na kumtafuta mtu mpya na kumfundisha. Kwako wewe ni tofauti kati ya kuwa na hadhi na kutokuwa nayo.

Akikubali, hesabuni kurudi nyuma pamoja. Wizara ya Kazi huchukua siku saba za kazi kuidhinisha fomu ya mshahara, na kabla ya hapo kampuni ina matangazo ya kubandika na karatasi za kukusanya. Ombi lenyewe linahesabiwa siku lilipopokelewa USCIS, si siku lilipotumwa kwa posta, na likirudishwa kwa sababu ya hundi yenye kosa au fomu isiyo na saini, ni kana kwamba halikupelekwa. Kwa hiyo ikifika tarehe 20 Machi na wakili wa kampuni hajaanza kazi, ujue umebanwa. Tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye ombi nayo isiwe 4 Mei huku neema ikiishia 7 Aprili. Pengo kati ya tarehe hizo mbili ndilo afisa atakaloliuliza. Wakiweza walipie huduma ya haraka, ambayo huifunga USCIS kuchukua hatua ndani ya siku 15 za kazi.

Angalia pia wanakurudisha wapi na kwa shilingi ngapi. Maneno "nafasi yako ileile" yana tabia ya kubadilika barua inapokuja. Ukihamishiwa ofisi ya Houston, hilo ni eneo jingine la ajira na linahitaji ombi jipya au la marekebisho. Uamuzi wa mwaka 2015 katika shauri la Simeio ulilimaliza suala hilo. Wakikupunguzia mshahara ukaanguka chini ya kiwango kilichoidhinishwa, hata ukikubali mwenyewe kwa saini, haikubaliki. Kiwango hicho si chako kukisamehe.

Ombi likishapokelewa kwa wakati, sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye H-1B kuanza kazi mpya bila kusubiri likubaliwe. Kabla ya hapo, usiguse kazi. Nimeona wafanyakazi wazuri wakiharibikiwa hapa kwa sababu ya uungwana tu. Meneja anasema, tusaidie na ile ripoti, makaratasi yatafuata. Mwingine anasema, fanya kama kujitolea, tutakufidia baadaye. Kazi ambayo kampuni hulipia watu haigeuki kuwa ya kujitolea kwa sababu wewe hujalipwa. Na kwa kuwa najua jinsi jamii yetu hapa inavyosaidiana, niseme na hili: usichukue zamu ya kuhudumia wazee majumbani kwa kutumia karatasi za mwenzio, usiendeshe gari la kubeba abiria au chakula kwa akaunti ya binamu, usikubali kazi ya mtandaoni ya kampuni ya Nairobi ukiwa umekaa sebuleni Dallas ukidhani haihesabiki kwa sababu pesa zinaingia M-Pesa. Mwili wako uko Marekani unapofanya kazi hiyo, na hicho ndicho kinachotazamwa.

Sasa Kisumu. Kwa miaka mingi ushauri wangu kwa mtu aliye katika hali yako ungekuwa: kama ndoto ya kazi hapa imekwama, nenda nyumbani, mwajiri akipatikana ataomba, utachukua viza Nairobi, urudi. Ushauri huo umebadilika. Tarehe 19 Septemba 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo linalotaka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi wasio na viza halali ya H-1B, yaliyopelekwa kuanzia 21 Septemba 2025. Mwezi uliofuata USCIS ilifafanua kwamba malipo hayo hayahusu ombi la kurefusha ukaaji, kubadili hadhi au kurekebisha kibali la mtu aliye ndani ya Marekani, mradi ombi hilo la kurefusha au kubadili likubaliwe. Na aliyekubaliwa akiwa ndani anaweza baadaye kusafiri na kuomba viza kwa ombi hilohilo bila kudaiwa.

Tazama maana yake kwako. Ukiwa Dallas, ombi likafika tarehe 30 Machi na kila kitu kikiwa sawa, kampuni inalipa ada za kawaida. Ukiwa Kisumu tarehe hiyohiyo, kampuni ileile inayotaka mtu yuleyule inaweza kudaiwa dola 100,000. Bajeti ya Mei haitafunguka kwa kiasi hicho. Na ombi likifika 20 Aprili ukiwa Dallas lakini neema imekwisha, USCIS inaweza kukubali kwamba kazi inastahili H-1B huku ikikataa kukurefushia ukaaji kwa sababu hukuwa na hadhi siku ya kupeleka. Hapo utatakiwa utoke nje ukachukue viza, na deni la dola 100,000 linamwangukia mwajiri. Kuna kifungu kinachomruhusu afisa kusamehe kuchelewa kulikosababishwa na mambo mazito yaliyo nje ya uwezo wako, lakini ni hiari yake, na "meneja alikuwa anasubiri bajeti" si jambo la namna hiyo. Tangazo lenyewe liliwekwa kwa miezi 12, na linaweza kurefushwa. Kwa kipindi chako chote cha kuamua, lipo.

Kwa hiyo, ikiwa mama yuko salama, mwambie utamwona ombi likishakubaliwa. Najua si jambo dogo kumwambia mzazi hivyo.

Usimfunge ng'ombe wako kwa meneja mmoja. Siku hizi 60 si za kusubiri kampuni ya zamani peke yake. Mwajiri yeyote anayestahili anaweza kukuombea, na ombi lake lina nguvu ileile. Huhitaji kurudi kwenye bahati nasibu ya Machi inayogawa nafasi mpya za H-1B. Nafasi 65,000 za mwaka, pamoja na 20,000 za wenye shahada za uzamili za Marekani, ni za wanaohesabiwa mara ya kwanza. Wewe ulishahesabiwa 2021, na miaka iliyobaki ya ile sita ambayo H-1B huruhusu kwa kawaida ni yako, pamoja na siku zote ulizokuwa nje ya nchi, ambazo mwajiri anaweza kudai zirudishwe kwa kuonyesha mihuri ya pasipoti. Waajiri wengi wadogo hawajui hili. Wakisikia H-1B wanadhani ni bahati nasibu na miezi sita ya kusubiri. Waeleze kwenye simu ya kwanza kabisa kwamba ombi lako ni la kubadili mwajiri.

Halafu una kitu ambacho wenzako wengi waliopunguzwa siku hiyo hawana: I-140 iliyokubaliwa. Imeshapita siku 180 tangu Machi 2025, kwa hiyo hata kampuni ikiiondoa kesho, tarehe yako ya foleni ya grini kadi inabaki kwako, na mwajiri mpya anaweza kuitumia kukuombea H-1B zaidi ya miaka sita. Kazi ya kumwombea mfanyakazi cheti cha Wizara ya Kazi na I-140 mpya italazimika kufanywa upya na mwajiri huyo, ila hutaanzia mwisho wa foleni.

Kuna na njia nyingine inayosahaulika. I-140 ni ombi la kazi ya baadaye. Haimtaki mtu awe anafanya kazi hiyo leo. Kama kampuni kweli ina nia ya kukuajiri Mei, na kama tarehe yako imefikiwa kwenye taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje, unaweza kupeleka fomu I-485 ya kuwa mkazi wa kudumu ndani ya siku zako 60, kampuni ikithibitisha kwa maandishi kwamba kazi ipo. Wakenya hatumo kwenye foleni ndefu za India na China. Sisi tuko kwenye safu ya nchi nyingine zote, ambayo husogea kwa kasi zaidi. Chukua barua ya I-140, tazama daraja lako la grini kadi za ajira ni la pili au la tatu, linganisha tarehe yako na taarifa ya Machi na ya Aprili. Hii ifanye leo jioni. Ikiwa tarehe imefikiwa, mazungumzo yako na kampuni yanabadilika kabisa: unawaomba barua na kwamba wasiiondoe I-140, jambo ambalo ni rahisi kwao kuliko mshahara. Wakati I-485 inasubiri unaweza kuomba ruhusa ya kazi isiyofungwa kwa mwajiri yeyote. Ipo pia ruhusa ya kazi ya mwaka mmoja kwa wenye I-140 walio katika hali ya kulazimisha, lakini kupunguzwa kazini peke yake hakutoshi, na ukiitumia unaacha H-1B. Nisingeanza nayo.

Ikifika mwisho wa Machi na hakuna mwajiri aliyejitokeza, unaweza kupeleka fomu I-539 kuomba kubadili hadhi kuwa mgeni, B-2, kabla ya 7 Aprili, wewe na familia. Wakati ombi hilo linasubiri hamhesabiwi kuwa mmekaa kinyume cha sheria. USCIS ilisema wazi mwaka 2023 kwamba aliye kwenye hadhi ya mgeni anaruhusiwa kutafuta kazi na kwenda kwenye usaili. Kasoro yake ni kwamba mwajiri akipatikana Mei huwezi kuanza kwa stakabadhi ya kupokelewa. Ni lazima ombi lake likubaliwe kwanza, na B-2 yenyewe ikikataliwa, kila kilichojengwa juu yake kinayumba. Nitakuwa mkweli kwako: ni daraja la dharura. Mwenye akiba ya miezi mitatu na usaili uliofika mbali anaweza kulitumia. Asiye na dalili yoyote ya kazi ataongeza gharama tu.

Mume wako na mtoto wanasimama kwenye hadhi yako. Kadi yake ya ruhusa ya kazi inaweza kuwa na tarehe ya 2027, lakini neema yako ikiisha bila ombi lolote, msingi wa kadi hiyo umeondoka, hata kama mwajiri wake hajui. Mwambie sasa, asije akajikuta amefanya kazi miezi mitatu bila ruhusa kwa kutojua. Mtoto anaweza kuendelea na shule ya umma bila shida. Hiyo haitegemei H-1B. Bima ya afya ndiyo ya kuharakisha: mna siku 60 za kuchagua kuendelea na bima ya kampuni kwa kulipa wenyewe, na ni ghali, kwa hiyo linganisheni na bima ya mume kazini kwake.

Na mtu akivuka 7 Aprili bila kitu? Watu hutishana sana hapa, kwa hiyo niliweke sawa. Kukosa hadhi na kukaa kinyume cha sheria ni hesabu mbili tofauti. Adhabu ya kuzuiwa kuingia Marekani miaka mitatu, au kumi, inamhusu aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180, au mwaka mmoja na zaidi, kisha akatoka. Kwa mwenye I-94 yenye tarehe, hesabu hiyo kwa kawaida huanza tarehe ya I-94 ikipita, au USCIS au hakimu wa uhamiaji akitamka kwamba umevunja masharti. Zaidi ya hayo, sheria ya grini kadi za ajira humsamehe mtu siku zisizozidi 180 za kukosa hadhi au kufanya kazi bila ruhusa tangu alipoingia mara ya mwisho kihalali. Lakini msamaha huo ni wa I-485 pekee. H-1B haina kitu kama hicho, na tangu Septemba 2025 kuchelewa siku moja kuna bei niliyokwisha kuitaja.

Mkiamua kuondoka, ondokeni kabla ya tarehe 7 mkiwa na haki zenu mkononi. Kampuni iliyokuachisha kazi kabla kibali hakijaisha inapaswa kulipa gharama ya kawaida ya kukurudisha mahali ulipokuwa ukiishi kabla ya kuja. Ni tiketi yako wewe. Ya familia haimo katika sheria. Ungeacha kazi kwa hiari ungeipoteza haki hiyo, kwa hiyo usikubali kutia saini barua inayosema umejiuzulu, hata ukiambiwa inaonekana vizuri zaidi kwa waajiri wa baadaye. Kama kampuni haikuijulisha USCIS wala haikukupa tiketi, Wizara ya Kazi inaweza kuona kwamba hawakukuachisha ipasavyo na kuwadai mishahara ya kipindi hicho. Beba nakala za I-797 zote, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, barua ya I-140 na barua ya kuachishwa. Na tiketi uidai kwa barua pepe, ukitaja tarehe ya safari, kabla hujarudisha kompyuta ya kampuni.